Mkono wa Kushoto wa Baba Nekesa

Jumanne, Navakholo

Nafula ana moyo ambao mimi sina.

Tangu kiwanda cha sukari kifunguliwe, mume wangu anakata miwa kila siku, na viganja vyake vilikuwa vimepasuka vinatoa maji. Mafuta ya dukani hayakusaidia. Niliogopa angeshindwa kabisa kushika panga.

Ndipo wifi yangu Nafula akaja na magome ya mti mmoja wa maua mekundu. Aliyachemsha hadi maji yakawa meusi. Nilitaka ampake kaka yake papo hapo, lakini alijipaka mwenyewe kwanza, akalala nayo.

"Mbona ujaribie kwako?" nikamuuliza.

"Sijui ukali wa dawa hii. Wacha ianze na mimi."

Asubuhi ngozi yake ilikuwa salama, akampaka kaka yake mkono wa kushoto tu, usioshika panga.

Leo mkono huo umekauka vizuri. Kesho ataanza wa kulia. Mkono huo ukikataa kupona, Nafula amesema twende hospitali, naye atatusindikiza.

Jioni Baba Nekesa amemnawisha mtoto wetu uso kwa huo wa kushoto. Nekesa, ambaye alikuwa akiikimbia mikono ya babake iliyomkwaruza, ametulia tu.