Kapu la Simu Mlangoni

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nimejifungia chooni kazini, ukinipigia nitalia.

Nimevuliwa umatroni. Mbele ya wauguzi wangu wote.

Mkurugenzi ananiambia kwa upole kabisa, "Nasikia umechoka, unataka kuacha. Pumzika, mama."

Nasikia. Amesikia wapi?

Maneno hayo nimeyasema mahali pamoja tu. Kwenye kile kikundi chetu cha mamatroni wa hospitali mbalimbali, tunapokutana kutua mizigo na kushauriana. Wewe ndiye ulinisukuma nijiunge, ukasema kiongozi asiye na wenzake huzeeka mapema. Na kilinisaidia, sikatai.

Unajua nani kapewa kiti changu? Dada Mkubwa. Mwanzilishi wa kikundi. Aliyenishika mkono siku ile niliyosema nimechoka, akaniambia, "Toa yote mdogo wangu, hapa ni nyumbani."

Toa yote. Nikatoa yote, kumbe namkabidhi kiti.

Sasa hivi ameniandikia: "Pole mdogo wangu, usiache kuja kikundini."

Na ile sheria yake, kila mtu aache simu kwenye kapu mlangoni, siri zisitoke. Simu tuliacha. Midomo tuliingia nayo.