Kwa Baba, Fundi Saa Aliyeanza Kucheka Uzeeni

Mwaka mzima umepita, Baba, tangu ulipofumba macho, na bado tukisikia mtu anaangua kicheko barabarani tunageuka.

Enzi zako za kazi hakuna aliyekusikia ukicheka. Ulikuwa fundi wa saa. Kibandani kwako mlikuwa na meza moja, kile kioo kidogo cha kubana jichoni, na kimya. Mteja akichelewa kuchukua saa yake, anapewa saa na maneno juu. Wasio na kitu uliwatengenezea bure, ukawafokea wasimwambie mtu. Nyumbani tukichekacheka mezani ulikuwa na neno moja tu: "Jiheshimu!" Watoto wa mtaa walikuita Mzee Sekunde, na ukitokea kwenye kona mpira ulifichwa.

Tulikuogopa. Lakini tulikula, tukasoma, hatukuwahi kulala njaa.

Halafu ukazeeka, ukawa mtu mwingine kabisa. Ulifunga kibanda, ukavua saa mkononi ukasema, "Imenitumikisha vya kutosha." Ukanunua shati la njano, jamani, njano ya kuumiza macho! Ukitumwa chumvi asubuhi unarudi jioni, maana kila mlango una utani wako. Redio ya jirani ikipiga muziki, wewe uko uani, unakata kiuno na fimbo mkononi. Wale watoto wa mpira, sasa wana watoto wao, wakakuita Babu Cheko.

Sisi wanao tulikuonea haya. Tulishakuwa watu wazima, tuna vyeo, tuna wakwe. Tulikuambia mbele ya wageni, "Baba, jiheshimu." Ukacheka. "Neno langu hilo, mmeliokota wapi?"

Shangazi, dada yako, alituchamba siku moja. "Alipokuwa mkali mlimkimbia. Amekuwa mpole mnamficha. Mnataka baba wa namna gani nyie?"

Ikaja harusi ya mjukuu wako wa kwanza, binti yangu. Alikuomba useme neno la baraka, na siku nyingi ulilifanyia mazoezi bafuni, na wimbo juu yake. Tuliusikia, tukatazamana. Wimbo ule, na kiuno kile, mbele ya wakwe?

Sherehe ilianza saa sita mchana. Tukakuambia saa kumi na moja jioni. Naandika "tukakuambia", lakini ni mimi, kifungua mimba wako, niliyepiga simu. Wadogo zangu walinyamaza tu. Binti yangu alipouliza, "Babu yuko wapi?" nikamjibu umeamka mgongo umekaza, huwezi hata kuinuka. Shangazi naye nilimwambia hivyo hivyo.

Ulishuka kwenye teksi na shati lako la njano limenyooka kwa pasi. Maharusi walishaondoka, wageni nao. Tulibaki sisi, tunakusanya viti. Ulitazama saa ya ukutani. Wewe, uliyeweza kuisikiliza saa tu ukajua inachelewa. Kisha ukatutazama sisi, mmoja mmoja.

"Hii haina kosa," ukasema.

Ukakunja mikono ya shati. "Haya, viti havijipangi." Ukabeba viti nasi mpaka vikaisha, na sisi hatukujua tuziweke wapi nyuso zetu. Afadhali ungetufokea kama zamani.

Binti yangu alipokuja kukuona aliuliza, "Pole Babu, mgongo unaendeleaje?" Ulinitazama mimi kwanza. Ukashika kiuno. "Umepoa, mjukuu wangu. Uzee tu huo." Wimbo ule hatukuusikia tena bafuni.

Juzi nilikuwa naosha vyombo, redio inaimba, nikajikuta nacheza. Mimi, na hizi mvi, na magoti yanayolalamika! Sikusikia mlango. Binti yangu alikuwa amekuja na mumewe, akanivuta pembeni: "Baba, jiheshimu bwana, mwenzangu anaona." Nikazima redio. Niliona aibu, lakini si ya kucheza. Ndipo nilipokuelewa, Baba, nimechelewa kuliko wateja wako wote.

Sikumlaumu. Neno lenyewe amelitoa kwangu, na ukweli wa siku ile hajaujua mpaka leo. Wewe hukumwambia. Kila asubuhi yeye husoma gazeti hili, na kumwambia uso kwa uso nimeshindwa mara nyingi. Mwanangu, ukifika hapa, nyumbani mlango uko wazi. Njoo unifokee.

Unakumbukwa na dada yako, na sisi wanao wanne tusio na cha kujitetea, wakwe zako, wajukuu, majirani, na kila mtoto wa mtaa anayeuliza Babu Cheko atarudi lini. Mama alitangulia, tunajua amekupokea kwa utani.

Siku zote za maisha yetu hatutakusahau, Baba. Mgongo wako ulikuwa mzima.