Mashavu ya Babirye

Kalisizo,
Jumatatu, 10 Novemba 1997

Wifi yangu Speransa,

Pokea salamu kutoka kwa kaka yako Salongo, kutoka kwa watoto, na kutoka kwangu mimi muuguzi wa nyumba hii. Ningependa kuandika kwamba sote hatujambo, lakini nitakuwa nimeanza barua na uongo. Kizza, kitinda mimba wangu, ana matumbwitumbwi. Yalianza shavu la kushoto, na kufikia misa ya jana yalikuwa yamehamia na la kulia. Leo ni zamu ya kaka yake, Kigongo. Amerudi kutoka shule ameshika taya kama aliyezabwa kofi, mwalimu kamfukuza asiwaambukize wenzake. Nakato bado mzima, ila namkagua shingo mara kwa mara mpaka sasa akiniona ananikimbia.

Picha ya Babirye, pacha mwenziwe aliye kwako, nimeipata, ahsante. Amenenepa. Gauni limempendeza, na viatu vinang'aa hata kwenye picha. Sasa wifi, mimi na wewe tunajuana, acha nikuulize: gauni la Nakato liko wapi? Wewe ndiye shangazi yao, senga wao, na wewe ndiye uliyenifundisha, siku tulipowatoa nje pacha hawa, kwamba cha mmoja ni cha mwenziwe. Ukikata nyama ya mmoja unakata na ya mwingine. Ukimchapa mmoja unamgusa na wa pili, asije akanuna. Nakato aliitazama ile picha, akaiweka mezani kifudifudi, akaenda kukaa nyuma ya jiko.

Na hili nalo acha nilitoe. Kwenye picha Babirye amekuegemea. Amekulalia begani kabisa, kama mtu aliyefika kwao. Nimeona wivu, wifi, na sitaki kujifanya sijauona.

Kuhusu ombi lako kwamba abaki kwako mpaka amalize darasa la saba: tulisema mwaka mmoja, na mwaka unaisha shule zikifungwa. Salongo anasema senga ana haki yake. Mimi nasema mama naye yupo. Nitakujibu watoto wakipona.

Barua nampa dereva wa gari la matoke kama kawaida.

Wifi yako,
Nalongo Pelepetwa


Mengo,
Jumatano, 12 Novemba 1997

Nalongo wangu,

Poleni sana na kuuguza. Huku mimi mzima, mtoto wetu mzima, mgonjwa ni cherehani tu, inakata uzi kila nikiharakisha. Mbusu Kizza kwenye shavu lile lisilouma, kama bado lipo.

Dereva atakupa gauni la Nakato. Kitambaa ni kilekile, nilikikata siku moja na lile la mwenziwe. Lilichelewa kwa sababu nilikuwa nashona gomesi, magauni ya harusi ya watu, na bibi harusi kila siku anapungua au anaongezeka. Usidhani nimesahau kazi yangu ya usenga.

Umeona wivu, wewe? Wewe ambaye ukiamka tu nyumba nzima inakuita? Hata wakiita na mashavu kama maandazi, wanamwita nani? Mimi kabla Babirye hajaja, niliyekuwa namsemesha asubuhi ni cherehani. Nikija huko Krismasi na kumshika mtoto, ulikuwa unasimama karibu yangu kama mtu aliyeniazima sufuria na anataka kurudi nayo. Uliitwa Nalongo, na kaka yangu Salongo, kwa sababu ulizaa pacha. Mimi nilikupigia vigelegele siku hiyo mpaka sauti ikakauka, kisha nikaenda kulala nyumba isiyo na mtu. Kwa hiyo tusiulizane habari za wivu.

Babirye asitie mguu huko mpaka ugonjwa uishe kabisa. Na lile ombi, usilijibu kwa hasira. Huku anasoma, anakula, analala kwenye chandarua chake mwenyewe. Anacheka pia. Ungemsikia anavyowaigiza wateja wangu.

Wifi yako,
Speransa


Kalisizo,
Ijumaa, 14 Novemba 1997

Wifi Speransa,

Salamu zako hizi hapa, zipokee upesi maana nimeacha uji jikoni na Kizza anauchungulia.

Gauni limefika. Nakato alilivaa, akazunguka nalo uani, akalala nalo. Asubuhi kola haikufunga. Naye amevimba.

Si yeye tu. Kaka yako! Alirudi kutoka shamba la kahawa anasema meno yanamuuma. Meno gani? Jana kaamka mashavu yamemeza masikio. Amejifunga kitambaa changu cha kanisani, amelala katikati ya kitanda, analia kuliko Kizza.

"Nalongo, nakufa."

"Hufi."

"Wewe huyajui maumivu."

Mimi huyo, niliyemzalia pacha! Halafu jirani akaja kusema dawa ni ile ya zamani: mgonjwa ajitwike kuni, auzunguke mti, ayafukuze matumbwitumbwi yahame. Basi leo asubuhi njia nzima ilisimama kumtazama Salongo, mtu mzima na ndevu zake, kuni kichwani, watoto watatu nyuma yake, wanazunguka mti na kupiga kelele, "Nendeni kwa wengine!" Mbuzi alishtuka akakata kamba, akakimbilia kwenye nguo nilizoanika, akaitafuna kola ya gauni lako. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaanza kulia palepale chini.

Nitakwambia kwa nini. Nakato hanywi uji mpaka nimimine vikombe viwili, chake na cha Babirye. Namimina. Cha Babirye kinapoa, Kizza anakuja kukimaliza. Jana Nakato aliniuliza, "Mama, Babirye naye amevimba?" Nikasema sijui. Akasema, "Kama hajavimba, basi huyo si pacha wangu tena, ni mtoto wa Senga."

Mlete, wifi. Kama ni kuugua, waugue pamoja. Hakuna anayemuuguza pacha mmoja akamwacha mwingine mbali, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ukimzuia, lolote litakalompata Nakato liko juu yako.

Na jibu la ombi lako ni hapana. Umemtia mtoto wangu mfukoni kwa viatu na magauni, na sasa unataka kufunga kifungo. Ndiyo, ni wivu. Kila nikimpaka Nakato mafuta shingoni nauona mkono wako unampaka mwenziwe.

Wifi yako,
Nalongo


Mengo,
Jumapili, 16 Novemba 1997

Pelepetwa,

Salamu kwa wagonjwa. Leo sikuiti Nalongo. Nalongo gani huyo anayetaka kumwambukiza mtoto mzima ili moyo wake yeye upoe? Najua umechoka. Lakini mtu aliyechoka hatafuti mgonjwa mwingine wa kuongeza kitandani.

Usinifundishe mambo ya pacha. Vitovu vyao nilivifunga mimi kwa mikono hii, wewe ukiwa umelala unauguza mgongo. Babirye haji.

Na kwa kuwa umeanza kusema, acha nami niseme. Mwaka mzima huu mtoto hajakulilia hata mara moja. Alipokuwa na homa hakukulilia. Alipoanguka akachunika magoti alimwita Senga. Jiulize kwa nini.

Speransa


Kalisizo,
Jumanne, 18 Novemba 1997

Speransa,

Barua yako imefika. Watoto wanaendelea. Salongo anaendelea.

Usiniandikie tena.

Mimi, mama yake Babirye


Mengo,
Ijumaa, 28 Novemba 1997

Nalongo,

Umesema nisiandike. Basi isome hii, kisha uitie jikoni ichemshe uji. Natumaini shingo za watu zimerudi zilivyokuwa, na kaka yangu amekurudishia kitambaa chako.

Juzi Babirye aliamka amevimba. Pande zote mbili. Amejifunga skafu, macho chini, hasemi neno, anaonyesha kwa kidole tu. Nilishika kichwa. Nikasema haya ndiyo maneno ya Nalongo, yamefika. Niliacha gomesi ya watu kwenye cherehani, nikapika uji, hanywi. Nikamwambia, "Haya, vaa viatu, twende kwa daktari." Akatikisa kichwa kwa nguvu, na kitambaa cha bluu kikachungulia mdomoni.

Nikakivuta. Kikaja kingine, cha njano. Nalongo, nilitoa mabaki ya gomesi kwenye mashavu ya yule mtoto mpaka nikajaza kiganja. Alikuwa ameisoma barua yako. Niliiacha chini ya pasi.

Nilimkaripia kwanza, maana angeweza kujiziba pumzi. Kisha nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Senga, Nakato amevimba peke yake."

"Si ungeniambia unataka kwenda nyumbani?"

"Nikikuambia utalia."

Hapo ningenyamaza. Lakini nilimuuliza kama huwa anakulilia. Akasema ndiyo, shuleni, wakati wa mapumziko, nyuma ya vyoo. Kuna bomba hapo, akimaliza ananawa uso. Akasema hapa nyumbani halii kwa sababu mara ya kwanza alipolia, mimi sikula chakula mpaka kesho yake.

Kumbe nilikuandikia hajakulilia, na muda wote huo mtoto wa miaka minane alikuwa ananitunza mimi. Nilikaa na vile vitambaa mkononi, vimelowa, na unajua nilichokiona? Wivu tena. Niliona wivu hata wa hayo machozi, kwamba yalikuwa yako na yalikuwa yanafichwa nisiyaone.

Shule imefungwa leo. Kesho namleta mwenyewe, gari la matoke likirudi tupu. Usinipikie. Nitakukabidhi mtoto wako na kugeuza.

Speransa


Kalisizo,
Jumamosi, 31 Januari 1998

Wifi yangu, Senga wa watoto wangu,

Hujambo tangu siku ile? Ulisema usipikiwe, ukala mpaka Kizza akaanza kulinda sahani yake. Huku sote wazima, na safari hii si uongo. Babirye alivimba kweli wiki ya Krismasi. Nilimchungulia mdomoni kwanza. Nakato alikuwa anambebea uji kitandani na kumpulizia, anajigamba kwamba yeye alishapitia hayo, mwenziwe ni mgeni. Hata Salongo alikuwa anakuja kumpa mgonjwa mawaidha.

Nilidhani vita vyetu vimekwisha na mimi ndiye niliyeshinda. Juzi tulikuwa tunamenya matoke, nikasema kwa furaha yangu kwamba mwaka huu wanangu wote wako chini ya paa moja. Nakato akaweka kisu chini.

"Mama, Babirye alikaa kwa Senga mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Basi na mimi."

"Na wewe nini?"

"Si wewe unasema cha mmoja ni cha mwenziwe?"

Nikamtazama baba yake aniokoe. Alikuwa anacheka mpaka ameshika mashavu. "Nalongo, umelisema mwenyewe," akaniambia. "Tena umeliandika. Dada yangu anazo barua." Nilimwambia akavae kitambaa cha kanisani anyamaze. Nikamgeukia Babirye, nikijua huyu atanitetea, huyu anajua kulivyo. Naye alikuwa ameshamsogelea mwenziwe, anamwelekeza kwa sauti ya chini: "Ukitaka kulia, kuna bomba nyuma ya vyoo. Maji yake baridi, macho hayabaki mekundu."

Nilimaliza matoke yote peke yangu, nikayamenya vibaya.

Nimekukasirikia tangu juzi, na hukufanya kosa lolote. Nakuonea wivu hata kabla hajaondoka. Huyu ndiye niliyebaki naye mwaka ule, huyu ndiye aliyekuwa analala na mkono wake shingoni kwangu, na sasa anauliza kama miguu yake itaenea kwenye viatu vya mwenziwe. Vinamwenea. Nimempa. Kola ya gauni nimeishona upya, utaicheka ukiiona.

Atakuja Jumatatu na baba yake. Mwaka mmoja, wifi, na usiombe kuongezewa. Asubuhi mmiminie vikombe viwili vya uji, la sivyo hanywi. Hakuna Kizza huko, kwa hiyo cha pili unywe wewe.

Akilia, mwache alie mbele yako, na wewe ule chakula chako. Huyu asitumwe kulia kwenye bomba.

Na asipolia, usiniandikie.

Wifi yako,
Nalongo, mama yao wote wawili