Damu Kwenye Kiti cha Pembeni

Jumapili, Kilosa

Mdomo umevimba, hata chai imenishinda. Kisa? Nimemshinda Side mbio za magari za kuzunguka madumu, kule Rudewa kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia mkonge. Nashuka tu garini, akanitandika ngumi mbele ya klabu nzima. Nikampiga kichwa. Pua yake niliisikia ikivunjika kama muwa.

Wakatutenganisha. Nikajua yameisha, kumbe bado. Mzee Kibwana, mwenyekiti wetu, akanionyesha gari la Side.

"Sheria ya klabu unaijua. Aliyeshindwa anapewa nafasi ya kurudia, na mshindi anakaa pembeni yake, anamwelekeza."

"Mzee, huyu si amenipiga?"

"Nimeona, mwanangu. Na wewe nani alikufundisha?"

Alinifundisha Side, msimu mzima, nilipokuwa nagonga kila dumu.

Nikapanda. Yeye damu puani, mimi damu mdomoni, salamu hakuna. Akaling'oa gari kwa hasira, likapiga dumu la kwanza likaruka huko.

"Kanyaga breki kabla ya kona, mshenzi wewe!" nikamfokea. "Siyo ukiwa ndani!"

Ningeweza kumdanganya. Nafasi ya kwenda kushindana Morogoro ni moja, na ilikuwa yangu. Sijui kwa nini sikumdanganya.

Akarudia mzunguko. Hakugusa dumu hata moja, na muda wangu akaupita; Morogoro ikawa yake. Watu wakashangilia.

Na mimi, mpumbavu, nikashangilia kwa nguvu mpaka mdomo ukapasuka upya.