Mashine Iliyougua Kila Mbalamwezi Ikiisha

Mwaloni, Ilagala,
Kigoma.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza umeiitikia kwa hasira. Kaka Hamisi amenipigia, akanieleza kwamba Jumatano mchana ulipokea ujumbe kutoka namba usiyoijua, umeandikwa SOMOE AMERUDI NCHI KAVU SALAMA, nawe ukakaa chini palepale uani ukauliza, "Amerudi kutoka wapi?" Mama, sikuingia majini, naapa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, miguu mikavu, mbele ya kompyuta. Ujumbe ule niliutuma mimi, na barua hii yote ni maelezo yake. Sikutaka kukueleza kwa simu kwa sababu wewe simu unaishika mbali na sikio, halafu unasema mtandao mbaya.

Kwanza hali yako. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini ikuponye kwa kuitazama? Na korosho zimeanza kudondoka huko Newala? Mimi mzima kabisa. Nimenenepa kwa migebuka, samaki wa ziwa la huku, na ugali wa muhogo, na mawese wanayotia huku karibu katika kila chungu nimeyazoea mpaka maharage yasiyo mekundu nayaona yamepauka. Asubuhi nikiambiwa "Mwakeye" naitikia bila kufikiri, wala hawanicheki tena.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Unajua kwamba ushirika wa wavuvi wa hapa ulinichukua kwa majaribio, lakini sijawahi kukueleza kazi ikaeleweka. Ni hivi. Jioni vipe vikiingia ziwani (ndiyo mitumbwi yao ya dagaa), majina ya waliomo yanaandikwa kwenye kompyuta ya ofisini. Asubuhi mtu akirudi tunamwekea alama, na papo hapo ujumbe unakwenda kwenye simu ya mtu wake wa nyumbani. Basi, ni hilo tu.

Kazi hiyo ilizaliwa na mkasa wa Mama Bukuru. Huyu ni mama wa hapa anayeanika dagaa, na wanawe ni mapacha, Bukuru na Butoyi, watu wazima wenye wake zao. Mwaka jana injini iliwafia katikati ya ziwa, upepo ukawasukuma kuelekea Kongo. Siku mbili nzima hakuna aliyewatafuta. Kila mtu alidhani wamelala kambi nyingine, na daftari la ushirika lilikuwapo lakini hakuna aliyelifungua. Waliokotwa wakiwa hai, Mungu ni mkubwa. Lakini Mama Bukuru hajajisamehe kwamba siku hizo mbili alikuwa akigeuza dagaa wake na kuimba.

Programu yenyewe niliiandika kwa ile lugha ya ukoo wa Lisp, ambayo wewe unaiita lugha ya mabano. Kila sentensi yake inakaa ndani ya mabano, na kila bano lililofunguliwa lazima lifungwe, kama ulivyokuwa ukitugombeza kuhusu vyungu na vifuniko vyake. Naipenda kwa sababu unaongea nayo. Unaandika neno, inakujibu hapohapo, unarekebisha, inajibu tena. Taabu yake ni zana, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine. Lazima zishushwe kutoka mtandaoni kila programu inapowashwa, moja inategemea nyingine, na ikigoma moja zinagoma zote, kama mawifi kwenye harusi.

Wiki za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikaja mbalamwezi. Huku, Mama, mwezi ukiwa mkubwa watu hawavui. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na usiku ukiwa mweupe hutawanyika, wala hawaoni sababu ya kuifuata. Basi vipe vinapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, na ofisi inafungwa mpaka giza lirudi. Mwenyekiti wetu, Mzee Bilali, mtu wa Ujiji mwenye kanzu isiyojua vumbi, huchomoa kila waya ukutani hata wa feni, kwa kuogopa radi.

Giza liliporudi nikakaa mbele ya mashine, na zana zikagoma. Hazishuki, programu haiwaki, ujumbe hauendi. Kosa lililoandikwa kwenye kioo lilisema kuna cheti kisichoaminika. Mimi nikajua bila shaka nimevuruga mabano. Nikayahesabu mpaka nikawa nayaona kwenye sahani ya ugali. Mwisho nikafuta kila kitu, nikaipanga mashine upya tangu mwanzo, siku tatu nzima kwa mtandao unaokwenda kwa magoti. Ikapona, nikajipiga kifua.

Siku hiyohiyo Mama Bukuru alipita mlangoni na beseni lake kichwani. Akasema, "Weye Somoe, hii mashine yako inaumwa ukwezi ukiisha."

Nilicheka. Mama, nilimcheka mtu mzima usoni. Nikamwambia kompyuta haina habari na mwezi wa mbinguni. Hakukasirika. Alisema tu, "Ego," yaani ndiyo, "weye ndiye uliyesoma," akaenda zake.

Mbalamwezi ya pili ikapita, mashine ikaugua vilevile. Safari hii siku nne, na siku nne hizo watu waliingia ziwani bila majina yao kuandikwa popote. Nikaifuta tena, nikaipanga tena, ikapona tena, na bado sikujua imeponaje. Mbalamwezi ya tatu ilipoisha, Jumanne, nikawasha nikakuta yaleyale. Mzee Bilali akaniita. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Binti yangu," akasema, "sisi ni watu wa maji. Kitu kinacholala siku ambayo watu wanatoka hakitufai. Kesho jioni vipe vinaingia. Majina yasipokuwamo, tunarudi kwenye daftari, nawe tutakusindikiza kituoni kwa heshima zote."

Nilipanga nguo zangu kwenye begi. Nilimfikiria mjomba, aliyesema mbele ya ukoo mzima kwamba mabano si kazi, nikaona jinsi atakavyonipokea kwa tabasamu. Lakini kilichoniuma kuliko hicho ni Mama Bukuru. Asubuhi ya Jumatano nikashuka pwani anakoanikia dagaa, nimwombe radhi kabla sijaondoka.

Nilimkuta akiondoa mawe kwenye dagaa wakavu wa akiba. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Ulisema kweli, nami nikakucheka. Nisamehe."

"Marahaba. Acha hayo, mwanangu. Kaa hapa, unisaidie kuchagua." Nikakaa, tukachagua. Kisha akauliza, "Hizo siku za ukwezi huwa mnaifanyia nini?"

"Hatuifanyii kitu. Inalala tu."

"Hata umeme hamuipi?"

"Mzee anachomoa kila kitu."

Akanionyesha mizani yake ndogo ya kupimia pakiti za kupeleka maduka ya Ujiji. "Hii nayo nikiitoa betri, inasahau yote. Nikiirudisha inaanzia sifuri, mpaka niifundishe tena. Sasa hiyo yako ikilala njaa wiki nzima, haisahau?"

Mama, dagaa walinidondoka mkononi. Sikuaga. Nilipanda mbio kilima ilipo ofisi, kanga mkononi, watu wakadhani kuna msiba.

Nikaiuliza mashine sentensi moja tu, ndani ya mabano yake: leo ni lini? Ikanijibu tarehe ya mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tano. Nilikaa nikaitazama. Yaani miezi yote ile nilikuwa nabishana na kitu kinachoamini kwamba bado navaa sare na kubeba ufagio shuleni!

Kilichonifichia jambo hili ni kwamba pembeni ya kioo panaonyeshwa saa peke yake, bila tarehe, na saa ilikuwa sahihi kwa dakika. Nikamgeukia Mzee Bilali, aliyekuwa ameketi mezani kwake. "Mzee, saa ya mashine hii nani anaiweka?"

"Mimi," akasema, na ungeona alivyojaa fahari. "Kila mbalamwezi ikiisha nawahi kufungua ofisi, naikuta saa imepotea. Naisahihisha kwa hii yangu ya mkononi, nisikusumbue."

"Na tarehe, Mzee?"

"Tarehe?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Tarehe si kila mtu anaijua?"

Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Ndipo nikamweleza. Kule mtandaoni zana zinakotoka huonyesha cheti kwanza, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Mashine yetu ilitazama kalenda yake ya zamani, ikaona cheti cha mtu ambaye hajazaliwa, ikafunga mlango. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Kila nilipoipanga upya iliniuliza tarehe, nami nikiijibu inapona, huku mimi nikidhani dawa ni ule ufundi wangu wa siku tatu, siku nne.

Niliirekebisha tarehe kwa muda wa kupiga chafya mbili. Zana zikashuka zikipangana zenyewe. Programu ikawaka, nikaandika neno, ikajibu. Nilipiga kigelegele, Mama, peke yangu, ofisini, mbele ya mwenyekiti.

Ikabaki betri. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo, bapa kama kifungo cha koti, ambayo huitunzia kumbukumbu ya siku hata ikichomolewa. Yetu ilikuwa imekufa zamani. Umeme ungekatika jioni ile tu, tungerudi darasa la tano. Betri mpya inapatikana Gungu, mjini, na kwenda na kurudi kungemaliza siku. Mama Bukuru alikuwa amenifuata kilimani akitweta, ajue msiba ni wa nani. Alipoiona ile iliyokufa kiganjani mwangu, akatoa mizani yake kwenye kikapu, akaifungua mgongo kwa ncha ya kisu, akanipa betri yake. Zilikuwa za kipimo kimoja.

"Na pakiti zako utapimaje?" nikamuuliza.

"Nitapima kesho kutwa. Watoto wangu wanaingia majini leo."

Tuliichomoa mashine makusudi, tukanywa chai, tukairudisha. Ilikumbuka siku. Ilipobaki kujaribu kama ujumbe unakwenda, nilihitaji jina la mtu aliyetoka na namba ya mtu anayemsubiri. Sikufikiri hata kidogo. Niliandika jina langu na namba yako, nikaweka alama. Hivyo ndivyo ulivyokuja kukaa chini uani. Nisamehe, Mama, lakini siku ile hapakuwa na mtu aliyenusurika kuliko mimi.

Jioni majina yote yaliingia, kipe kwa kipe. Asubuhi nilisimama mlangoni nikitazama ufukweni. Walipoanza kufika, nikawa naweka alama, na simu zikawa zinalia huku na kule kwenye vichanja vya dagaa, wanawake wakizitoa kwenye mafundo ya kanga. Mama Bukuru alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa wanawe, anawaona kwa macho yake, lakini hakuwakumbatia. Aliishika simu mbele yake kwa mikono miwili akaisubiri. Ililia mara ya kwanza, Bukuru. Ililia mara ya pili, Butoyi. Ndipo akaangua kilio akawakimbilia.

Mzee Bilali amenikabidhi ufunguo wa ofisi. Majaribio yamekwisha, mimi ni mtu wa kazi hapa. Kwenye ukuta amebandika karatasi kwa mkono wake: saa NA tarehe. Betri ya Mama Bukuru nimeirudisha, mpya ya Gungu imekaa mahali pake.

Nisalimie Bibi, umwambie kitambi alichokuwa akiniombea kimeanza kuja. Msalimie Kaka Hamisi, na wifi anayejifungua karibuni, Mungu amfungulie njia. Msalimie fundi cherehani wa jirani, gauni lake ndilo nililovaa siku ya ushindi. Na mjomba msalimie sana, taratibu, umsomee barua hii yote.

Nitakuja mavuno ya korosho yakiisha. Nimeshamuaga Mzee Bilali, naye ameniwekea sharti. Siku nitakayopanda gari ataniandika kwenye orodha ya waliotoka, namba ni yako, na hataniwekea alama ya kurudi mpaka wewe mwenyewe umpigie kumwambia nimefika. Kwa hiyo nakuomba, Mama, siku hiyo simu uishike karibu na sikio.

Ni mimi mwanao, niliye nchi kavu,
Somoe