Daftari la Rubani kwenye Gare ya Kolwezi

Tata Pilote, jirani yetu mwema wa Fungurume,

Jambo sana, na Mama umusalimie. Bado tuko gare ya Kolwezi, tunangoja treni ya kutupeleka Kasai, kwa mababu, mahali nisipopajua hata mimi. Mvua inapiga turubai, na bukari ya mahindi tunapikia kandokando ya reli.

Lile daftari lako la urubani vitani, ulilonipa siku tulipofukuzwa Fungurume kwa kuwa asili yetu ni Kasai, ninawasomea watu kila mchana. Nilidhani watapenda risasi na helikopta. Kumbe walipenda pale unaposema ulijikojolea kwenye kiti kwa woga, majeruhi wakilia nyuma yako, nawe ukaendelea kuirusha helikopta.

Baba yangu alikuwa hajasema neno tangu vijana waliotufukuza walipomtoa nyumbani kwake bila yeye kuinua mkono. Siku hiyo akanyanyua kichwa: "Rudilia pale." Nikarudia. Akasema: "Kumbe hata ye aliogopaka!" Halafu akaomba bukari, akala yake, akamalizia na yangu.

Aksanti, Tata. Bibi mmoja hapa anakuombea kila jioni kwa jina la Pilote, maana jina lako lingine halijui.

Daftari ninakurudishia kwa dereva wa lori. Usikasirike ukikuta ukurasa mmoja haumo. Baba ameukunja na kuutia mfukoni mwa shati. Anasema huo atakuletea yeye mwenyewe, mkononi, pale pale Fungurume.

Mungu akuchunge mpaka hapo,
Ngalula