Uyoga Alioleta Mwanaidi

Mke mwenzangu Rehema,

Nakusalimu kutoka Mtunda. Sote wazima, alhamdulillahi. Mama yako anapalilia mpunga, na goti la babu yako limepoa kidogo.

Picha ya uyoga uliouchuma huko Iringa nimeiona kwenye simu ya mama yako. Unauliza kama unaliwa, maana bingwa ni mimi. Siujui, mjukuu wangu. Utupe, na mikono unawe.

Nilipokuwa msichana kama wewe, mdogo wangu Mwanaidi alinifuata porini kuchuma uyoga, masika yakielekea kwisha. Wa kwenye kichuguu niliujua vizuri. Yeye akaleta mwingine mweupe, kaukuta chini ya mkorosho. Niliunusa nikaingiwa na shaka, ila niliona haya kusema.

Nyumbani mama akaniuliza, "Na huu unaujua?"

"Naujua, mama."

Akaupika kwa tui. Yeye alikuwa na saumu, na mimi nikasingizia nimeshiba. Mwanaidi akala peke yake.

Alasiri akaanza kutapika. Siku mbili nilikaa mlangoni nikisikiliza kama bado anapumua. Niliogopa kuingia, na kuondoka niliogopa zaidi.

Siku ya tatu akaomba uji. Mama akatoka nje, akaniuliza taratibu, "Ulikuwa unaujua kweli?"

"Hapana."

Nilingoja kofi. Alikaa chini kando yangu, akanishika mkono.

"Ungesema tu, mwanangu," aliniambia. "Nani angekucheka?"

Bibi yako,
Somoe